Acheni Kukariri Wagonjwa

Wasee wa medi, hii ni yenu. Lakini hata kama husomei udaktari, usipite. Siku moja wewe ndio utakuwa kwa hicho kitanda. Watu 12 wenye makoti meupe watakuzunguka kama abiria wa jioni wanaogombania mat ya mwisho, na mmoja wao, rika yako kabisa, atafungua mdomo aanze kukuelezea. Atakachosema kwa hizo dakika 5 kinaweza kuamua unapewa dawa gani, unapigwa eksrei au hupigwi, unaenda nyumbani ama unabaki.

Hiyo kitu inaitwa kuwasilisha mgonjwa. Mwanafunzi amekaa na mgonjwa, amemuuliza maswali, amempima. Halafu kwa raundi anasimama mbele ya daktari bingwa na wenzake, anawaambia huyu ni nani, amekuja na nini, amempata na nini, na yeye anafikiria nini. Ukiingia wodi ukiwa mwaka wa tatu au wa nne, hii ndio inakuwa maisha yako mpaka umalize ile miaka 6, na inakufuata internship na baadaye.

Sasa wacha niseme wazi. Vile inafanywa kwa wodi zetu nyingi ni vibaya. Imegeuzwa mashindano ya kukariri. Mwanafunzi anaighani kama shairi la tamasha la muziki, bosi anasikiliza kama jaji anayetafuta mahali pa kukata maksi, na mgonjwa analala pale katikati kama stendi ya maiki.

Najua swali linakuja: na wewe ni nani? Niliacha chuo, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Siwaambii mpeane dawa gani. Lakini kazi yangu kila siku ni kueleza kitu kwa dakika 3 bila mtu kutoka. Na nimekaa kando ya kitanda cha hospitali kama mtu wa mgonjwa, mahali ambapo unaona vitu bosi haoni. Tena kuacha chuo si kuacha kusoma.

Stori ndio kipimo cha kwanza

Watu wengi hudhani daktari anajua ugonjwa kwa sababu ya mashine. Mwaka wa 1975 madaktari wa Uingereza, Hampton na wenzake, walichapisha utafiti kwa jarida la British Medical Journal. Walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa wagonjwa 66, daktari alikuwa ameshapata jibu lililokuja kukubalika mwishowe kwa kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo tu. Kupima mwili kulibadilisha jibu kwa wagonjwa 7. Maabara ilibadilisha kwa wengine 7.

Soma tena. 66 kwa 80. Kusikiliza tu.

Miaka 9 baadaye, 1984, Beckman na Frankel kule Marekani walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa. Wakakuta daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 hivi kwa wastani. Yaani kipimo chenye nguvu kuliko vyote hakipewi hata muda wa kuchemsha maji ya chai.

Sasa fikiria ni nani kwa wodi ana muda. Si bosi, yeye ana kliniki, ana upasuaji, ana mikutano. Si intani, huyo anakimbia tangu jana usiku na hajala. Si nesi mwenye wodi nzima mikononi mwake. Ni mwanafunzi. Yeye ndio anaweza kukaa saa nzima kwa kiti cha plastiki akisikiza mama akieleza vile kikohozi kilianza. Mwanafunzi ameshika dhahabu. Halafu raundi ikifika anaizika chini ya maneno.

Makanga anawashinda

Chukua mgonjwa wa kubuni. Mama wa miaka 34, anauza mboga soko, amelazwa jana jioni. Hivi ndivyo anavyowasilishwa mara nyingi:

"Mgonjwa ni mwanamke, miaka 34, Mkristo, ameolewa, mtoto wa tatu kwa familia ya watoto 6, alisoma hadi darasa la nane. Analalamika kikohozi, homa, uchovu, maumivu ya kifua, kukosa hamu ya chakula. Hana shida ya macho. Hana shida ya masikio. Hana shida ya kukojoa. Alifanyiwa upasuaji wa appendix 2011. Babake alikuwa na presha..."

Dakika 4 zimeisha na hakuna mtu kwa hiyo raundi anajua tunaelekea wapi. Bosi ameanza kuangalia simu. Wenzake wanaomba Mungu wasiulizwe swali. Manze, hata makanga anajua hakuna mtu atapanda gari bila kuambiwa linaenda wapi. Anaanza na Rongai, ndio anakuja kwa bei na viti.

Sasa sikiza mgonjwa huyo huyo:

"Huyu ni mama wa miaka 34, muuza mboga, ana kikohozi cha wiki 5 ambacho wiki iliyopita kimemfanya ashindwe kupanda ngazi. Usiku anatoka jasho hadi anabadilisha shuka, na nguo zimeanza kumlegea. Hajakohoa damu, havuti sigara, hajawahi kuwa na pumu. Kliniki ya mtaa wamempa antibayotiki mara 2 bila nafuu. Anaishi chumba kimoja na watoto 3, mdogo ana miaka 2. Joto ni 38.1, anapumua mara 24 kwa dakika, oksijeni 93. Juu ya kifua upande wa kulia nasikia mlio usio wa kawaida, kwingine kuko sawa. Nafikiri ni TB ya mapafu. La pili ni nimonia ya kawaida, lakini wiki 5 ni ndefu na antibayotiki zimeshindwa mara 2. Naomba makohozi yaende GeneXpert leo, apigwe eksrei ya kifua, azungumziwe pembeni kuhusu kipimo cha HIV, na watoto waletwe wapimwe. Na kabla ya yote, avae barakoa na atolewe katikati ya wodi, kwa sababu amelala hapa tangu jana."

Haifiki dakika 2. Na angalia vile kila sentensi inafanya kazi. "Hajakohoa damu" imekuja kwa sababu ukishuku TB hiyo ndio unauliza. Hakuna macho, hakuna masikio, kwa sababu hayaleti tofauti. Watoto 3 kwa chumba kimoja si mapambo ya stori: mtoto wa miaka 2 akivuta hewa moja na mtu mwenye TB yuko hatarini sana, na kuna dawa za kumkinga. Kama sentensi hiyo imepotea kati ya Mkristo na darasa la nane, huyo mtoto amepotea nayo.

Na ile sentensi ya mwisho? Kila usiku huyo mama analala katikati ya wodi bila mtu kusema neno TB, kuna shosh wa kitanda cha pili anavuta hewa hiyo. Hii ndio maana nasema si mambo ya kuongea vizuri. Uwasilishaji mbovu una watu unawaumiza.

Chagua upande

Kitu kingine. Wengi wenu mnasimulia vizuri hadi mwisho, halafu mnanyamaza. "Hayo ndiyo matokeo yangu, asante." Asante ya nini? Umetuletea unga, maji, mafuta na chumvi ukaviweka mezani. Chapati iko wapi?

Lawrence Weed, daktari wa Marekani, alipigania hii maneno zamani. Mwaka wa 1968 alichapisha makala kwa New England Journal of Medicine akitaka rekodi za wagonjwa zipangwe kwa matatizo ya mgonjwa, sio rundo la habari. Ni kutoka kwa kazi yake tulipata ule mpangilio mnaoujua kwa herufi SOAP: mgonjwa amesema nini, wewe umeona nini, unafikiri nini, utafanya nini. Sehemu 4. Wasee wanafanya 2 za kwanza na kuacha 2 za mwisho kwa bosi.

Na najua sababu. Kusema "nafikiri ni TB" ni kujianika. Ukikosea, utachomwa. Ukimwaga habari zote bila kuchagua, hakuna mtu atakushika kwa kosa, kwa sababu hukusema kitu. Lakini utajifunza aje kufikiri kama hujawahi kufikiri kwa sauti mbele ya mtu anayejua zaidi yako? Mwaka wa 2003 walimu wa udaktari wa Case Western Reserve, Marekani, walitoa mfumo wao unaoitwa SNAPPS. Humo mwanafunzi anafupisha stori, anachagua magonjwa 2 au 3 anayoshuku, anayalinganisha, halafu anamuuliza mwalimu maswali. Umesoma vizuri. Mwanafunzi ndiye anayemuuliza mwalimu. Anasema "hapa sina uhakika, nisaidie," na hiyo ni sehemu rasmi ya uwasilishaji, si aibu.

Jaribu hiyo kwa raundi zetu uone macho utakayotolewa.

Hofu inazaa waongo

Na hapo ndio nakuja kwa mabosi, kwa heshima zote, na kwa hasira yangu pia.

Kuna stori moja inazunguka shule za udaktari, na kila chuo kinaapa ilitokea kwao. Mwanafunzi anawasilisha mgonjwa, anasema kwa sauti ya ujasiri: "Mapigo ya miguu yote miwili yako sawa." Bosi anafunua shuka. Mguu ni mmoja. Ule mwingine ulikatwa miaka iliyopita.

Watu hucheka hapo. Mimi nauliza: huyo mwanafunzi aliogopa nini hadi akaona ni afadhali kubuni mguu kuliko kusema "sijapima"?

Aliogopa mnachojua. Aliogopa kuitwa mjinga mbele ya wenzake 11, mbele ya nesi, mbele ya mgonjwa. Aliogopa ile "nani alikupitisha mtihani?" na ile "rudi kijijini ukalime." Rafiki yangu tuliosoma naye sekondari yuko medi, mwaka wa 5 sasa. Aliniambia kwa kundi lao kuna sheria moja haijaandikwa mahali: usiwahi kusema hujafanya kitu. Sema "kawaida." Presha? Kawaida. Tumbo? Kawaida. Neva? Kawaida. "Kawaida" ni neno la kujiokoa.

Sasa fikiria hiyo "kawaida" imeingia kwa faili. Intani ameisoma usiku. Daktari wa zamu ameiamini. Tumbo ambalo hakuna mtu alilishika limeandikwa kwamba lilishikwa na likawa sawa. Hapo hakuna tena mwanafunzi aliyeaibika au hakuaibika. Kuna mgonjwa ambaye hatapimwa tena kwa sababu karatasi inasema alipimwa.

Wale wanaosema "sisi tulipigwa kelele na tukatoka madaktari wazuri" wanisikize. Mlitoka wazuri kwa sababu mlisoma na mkakesha, na kwa sababu kulikuwa na mtu 1 au 2 waliowafundisha kwa upole. Kelele zilikuwepo tu. Hata jogoo huwika jua likichomoza, na hakuna mtu humshukuru kwa mchana. Na wale ambao kelele ziliwanyamazisha hamwahesabu, kwa sababu hawako kwa hiyo meza mnayosimulia.

Sisemi bosi asikosoe. Mwanafunzi aliyekuja bila kumpima mgonjwa aambiwe, tena aambiwe wazi, arudi akapime. Lakini kuna tofauti ya "hukusikiliza moyo, rudi usikilize, nakungoja" na "wewe ni aibu kwa wazazi wako." Ya kwanza inamlinda mgonjwa. Ya pili inamfundisha kijana kudanganya vizuri zaidi kesho.

Sentensi salama kuliko zote kwa wodi ni "sijapima." Bosi anayeiadhibu ananunua uongo kwa jumla.

Neno moja: difolta

Hapa nitaongea kama mjukuu.

Shosh wangu alilazwa hospitali moja ya umma, presha imepanda vibaya. Nilikuwa kando ya kitanda. Mwanafunzi alikuja asubuhi mapema, kijana mpole kusema ukweli, akamuuliza kwa heshima: "Shosh, dawa za presha ulikuwa unameza vizuri?" Shosh akamweleza yote. Kwamba zahanati ya karibu zilikuwa zimeisha. Kwamba aliambiwa akanunue duka la dawa. Kwamba alinunua za wiki 1, halafu akaanza kumeza siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Kijana aliandika.

Raundi ikaja. Kijana akawasilisha kwa Kiingereza. Hayo maelezo yote, zahanati, duka, kuruka siku, yakawa neno moja: difolta. Bosi akatingisha kichwa, akamtazama shosh kama mtu aliyekosea, akaongeza dawa ya tatu.

Dawa ya tatu. Kwa mtu ambaye hakuwa na pesa za mbili.

Na sitamlaumu bosi peke yake, kwa sababu kwa habari aliyopewa, hesabu yake ilikuwa sawa. Presha haishuki na dawa 2, ongeza ya 3. Kosa lilikuwa kwa lile neno. Difolta inasema tatizo ni tabia ya mgonjwa. Stori ya shosh ilisema tatizo ni stoo ya zahanati na mfuko. Matibabu ya hayo mawili hayafanani hata kidogo. Moja unamhutubia mgonjwa, lingine unatafuta dawa ya bei anayoweza, au unauliza atapata wapi za mwezi ujao.

Jioni shosh aliniuliza polepole, "Walikuwa wanasema nitakufa?" Alikuwa amesikia jina lake, akaona bosi akitingisha kichwa, na hakuelewa neno lingine lolote.

Kwa hivyo wanafunzi, tafadhali. Kabla ya kubana stori ya mtu iwe neno moja, jiulize hilo neno linamlaumu nani. "Hakumeza dawa kwa wiki 2 kwa sababu hakuwa na pesa" ni maneno machache tu zaidi. Mna pumzi ya kutosha kuyasema.

Kuongea juu ya kichwa cha mtu

Hii ya lugha watu wataruka nayo, kwa hivyo nitaenda polepole.

Najua udaktari unafundishwa kwa Kiingereza. Najua mtihani ni Kiingereza, vitabu ni Kiingereza. Sisemi daktari asijue istilahi zake. Nasema kuna mtu amelala hapo katikati ya duara, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za afya ya mtu, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Katiba yenyewe, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kama kuna mahali hiyo lugha rasmi inafaa kufika, ni kando ya kitanda.

Na isitoshe, mgonjwa ndiye mhariri bora wa uwasilishaji wako. Sema kwa lugha anayoelewa "kikohozi kilianza wiki 5 zilizopita," na atakuambia hapo hapo, "Hapana daktari, ni tangu Krismasi." Umerekebishwa bure, mbele ya bosi, kabla kosa halijaingia kwa faili. Ukisema kwa Kiingereza kinachomzidi, kosa linapita salama kabisa.

Mwaka wa 1997, New England Journal of Medicine ilichapisha utafiti wa Lehmann na wenzake. Wagonjwa wengine waliwasilishwa wakiwa kitandani wakisikia, wengine wakawasilishwa kwa chumba cha mikutano. Wale waliokuwepo waliona madaktari walikaa nao karibu dakika 10, wale wengine wakaona dakika 6. Kwa hivyo kando ya kitanda si mahali pabaya. Watu wanapenda kuwepo wanapozungumziwa. Wanachochukia ni kuzungumziwa kama hawapo.

Lakini kuna vitu havisemwi hapo, na hii wasee wanasahau. Vitanda vyetu vimekaribiana, unaweza kumshika jirani mkono. Ukisimama ukatangaza hali ya HIV ya mtu kwa sauti ya raundi, wodi nzima imejua, pamoja na yule jirani wa mtaa aliyekuja kumtembelea mgonjwa wa kitanda cha tatu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa siri hiyo bila ruhusa ya mwenyewe. Bosi ajue, ndio. Aambiwe kando, au aonyeshwe kwa faili. Hali kadhalika mimba ya msichana, hali kadhalika mtu aliyejaribu kujiua. Kuwasilisha vizuri ni pamoja na kujua cha kunyamazia.

Na majina. Acheni "ile nimonia ya kitanda cha 9." Mwaka wa 2018 nchi nzima ilisikia vile katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mgonjwa alifunguliwa kichwa ilhali aliyehitaji upasuaji huo alikuwa mwingine. Ripoti zilisema vitambulisho vya wagonjwa 2 vilichanganywa. Mtu anayeitwa kitanda anaweza kubadilishwa na kitanda kingine. Anza na jina, angalia kitambulisho cha mkononi, msalimie mwenyewe. Ni sekunde 5.

"Lakini hatuna muda"

Hii ndio sababu kubwa ninayosikia. Wagonjwa ni wengi, raundi ni ndefu, bosi ana haraka.

Sawa. Kwa hivyo punguzeni maneno yasiyo na kazi! Uwasilishaji mzuri ni mfupi kuliko mbaya. Yule mama wa mboga alichukua dakika 2 kwa njia nzuri, na kwa njia mbaya dakika 4 hatukuwa tumefika popote. Anayekosa muda ndiye anayehitaji hii zaidi ya wote.

Wengine watasema, "Mwaka wa tatu lazima aseme kila kitu ili tujue ameuliza kila kitu." Hapo kuna ukweli. Mwanafunzi mpya auliza yote, apime yote, aandike yote. Lakini kuandika na kusema ni vitu 2. Faili ibebe yote, mdomo ubebe yanayohusika. Bosi akitaka kujua kama uliuliza kuhusu macho, atauliza, na wewe utakuwa na jibu.

Kwa hivyo kesho asubuhi, msee wangu wa medi, fanya hivi. Kabla ya raundi, jiambie kwa sentensi moja: huyu ni nani, ana nini, tangu lini, na mimi nafikiri ni nini. Kama huwezi, hujamaliza kazi, rudi kwa kiti cha plastiki. Ukiweza, hiyo sentensi ndio iongoze kila kitu utakachosema. Joto, presha, mapigo, pumzi na oksijeni ziseme kwa namba, si kwa "ziko sawa." Taja ugonjwa unaoshuku, taja na ule unaoogopa kuukosa. Sema unataka kufanya nini leo. Ulichokosa kupima, sema hujapima. Angalia mgonjwa usoni angalau mara 2. Na raundi ikiondoka, baki nyuma dakika 1 umwambie kwa lugha yenu yaliyosemwa. Hiyo dakika hakuna maksi zake, na ndio atakayoikumbuka.

Mabosi, ombi langu kwenu ni moja. Mwanafunzi akisema "nafikiri ni hivi" na amekosea, mwambieni kwanza asante kwa kufikiri. Halafu mrekebisheni mnavyotaka.

Na wewe usiye daktari, ukijikuta kwa hicho kitanda, una ruhusa ya kuinua mkono. Uliza, "Daktari, mmesema nini kunihusu?" Wakinyamaza, uliza tena. Ni mwili wako wanausimulia.

Kama una rafiki yuko medi, mtumie hii kabla ya raundi ya Jumatatu. Akinuna, mwambie anitafute kwa komenti. Niko.